Kutoka KIA hadi Kogatende, usishuke mapema

"Kaka, nimeshafika, mbona gari silioni?"

Ilikuwa Julai, na mgeni wangu nilimpangia kambi ya kaskazini mwa Serengeti, karibu na Mto Mara. Kumbe yuko Seronera, katikati ya hifadhi. Ndege ilitua, wenzake wakashuka, naye akashuka. Kiwanja chake cha ndege kilikuwa Kogatende, kituo kilichofuata.

Hizi ndege ndogo hutembea kama daladala: zinashusha hapa, zinapakia pale, na mpangilio wa vituo unaweza kubadilika asubuhi hiyohiyo. Basi jina la kambi pekee halitoshi. Lijue jina la kiwanja, na umtajie rubani kabla hajawasha injini. Kambi zinazohamahama ndizo huchanganya watu zaidi. Kambi ileile unaweza kuikuta Ndutu, kule kusini, Februari, nyumbu wanapozaa, na Agosti ikawa Kogatende. Ukikosea, kutoka Seronera hadi Kogatende kwa gari ni saa kadhaa za vumbi.

Mtego mwingine uko kwenye tiketi. JRO ni KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro. ARK ni uwanja wa Arusha, pale Kisongo, zinakoondokea ndege nyingi za Serengeti. Katikati kuna jiji zima na zaidi ya kilomita 50. Ukitua KIA alasiri, sahau kulala porini siku hiyo, maana viwanja vya huko havina taa za kutulia usiku. Mimi wageni wangu huwalaza Arusha, hata wakinung'unikia gharama.

Mizigo kwa kawaida ni kilo 15, na mkoba wa mkononi umo humohumo. Watu hudhani ni ubahili. Ndege aina ya Caravan hubeba mabegi kwenye sanduku lililofungwa chini ya tumbo lake, kwa hiyo begi la kitambaa linajikunja, la plastiki ngumu na magurudumu linakwama. Halafu Seronera iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Jua likichachamaa hewa huwa nyepesi, ndege inahitaji mbio ndefu zaidi kuruka, na njia yenyewe ni ya changarawe. Ndiyo maana wakati mwingine hata wewe utapandishwa kwenye mizani. Usione haya.

Begi kubwa liache hotelini Arusha. Dawa na miwani kaa nazo mkononi. Mifuko ya plastiki ya dukani imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, itoe kabla hujasafiri.

Yule mgeni alichukuliwa na ndege ya alasiri. Siku hizi kila karatasi ya safari naiandika jina la kiwanja kwa herufi kubwa, tena kwa wino mwekundu.