Jezi Isiyofuliwa, Mbuzi wa Chicago na Mtu Mwenye Gundu

Jirani yangu ana jezi ya Yanga ambayo haijaonja sabuni tangu tarehe 5 Novemba 2023, siku Yanga ilipoifunga Simba mabao 5 kwa 1. Huivaa kila mechi ya watani wa jadi, kola yake imekwisha kuwa nyeusi, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Ushahidi wa nguvu zake anao: Aprili 2024 Yanga ilishinda tena 2–1, na Oktoba mwaka huohuo 1–0.

Dhana kwamba kilichokuwapo siku ya ushindi ndicho kilicholeta ushindi ni mama wa dhana nyingine zote za mashabiki. Ukweli ni kwamba Yanga ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu misimu minne mfululizo, kuanzia 2021/22 hadi 2024/25, na jezi yoyote iliyovaliwa katika kipindi hicho, hata inayofuliwa kila siku, ingeonekana kuwa na baraka. Mwaka 1948 mwanasaikolojia B. F. Skinner aliandika habari za njiwa aliokuwa akiwapa chakula kila baada ya muda maalumu, bila kujali walichokuwa wakifanya. Baadhi yao walianza kujizungusha au kutikisa vichwa tena na tena, kana kwamba kufanya hivyo ndiko kulikoleta chakula. Nasi hushika siku ambazo mambo yalikubali, zile nyingine tukaziacha zipotee.

Wapo pia wanaosema kwamba ushirikina wa michezo ni wa Waafrika, au wa watu wasiosoma. Kauli hiyo huniuma, kwa sababu si kweli. Mashabiki wa besiboli wa Chicago Cubs waliishi miongo mingi wakiamini kwamba timu yao ililaaniwa mwaka 1945, pale mwenye baa Billy Sianis alipokataliwa kuwa uwanjani na mbuzi wake, na laana hiyo ikahesabiwa kuwa imevunjika timu ilipotwaa ubingwa mwaka 2016. Hesabu yenyewe inaikana hadithi hiyo: ubingwa wao wa awali ulikuwa wa mwaka 1908, kwa hiyo ukame ulianza miaka 37 kabla ya mbuzi kufika getini. Nchini Ufaransa, beki Laurent Blanc alikuwa akikibusu kichwa cha kipa Fabien Barthez kabla ya mechi za Kombe la Dunia la 1998, na taifa zima likaona ni heri.

Kwetu tunayo “kamati ya ufundi”, jina la heshima tulilowapa wanaoshughulikia ndumba, na wengi huamini kwamba mechi kubwa huamuliwa na kamati hiyo. Mwaka 2022 CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliitoza Simba faini kwa sababu ya moto uliowashwa katikati ya uwanja huko Afrika Kusini kabla ya mechi ya marudiano na Orlando Pirates. Siku hiyo Simba ilitolewa kwa mikwaju ya penalti.

Hata hivyo, si kweli kwamba shabiki hana mchango wowote. Ligi ya Ujerumani iliporejea Mei 2020 bila watazamaji, ushindi wa timu za nyumbani ulipungua, na waamuzi hawakuwaadhibu tena wageni kwa kadi kama ilivyozoeleka. Kelele za jukwaani zina uzito, lakini ni lazima zimfikie mwamuzi. Jezi iliyo kwenye kibanda umiza, banda la kutazamia mechi kwenye runinga kwa kiingilio, haimfikii. Inachoweza kufanya ni kumtuliza aliyeivaa, na hilo simnyimi mtu.

Dhana inayonisumbua kuliko zote ni ile ya gundu, yaani mkosi, kwa kuwa humwangukia mtu. Nilikuwa kwenye kibanda umiza siku timu ya wengi wetu ilipofungwa bao mara tu baada ya kijana mmoja kuingia na kuketi. “Mdogo wangu, toka nje kidogo, ukikaa hapa tunafungwa,” aliambiwa na mtu wa makamo, kwa sauti ya upole kabisa. Alikwisha kulipa kiingilio, lakini aliinuka bila neno, akasimama nje ya pazia la turubai akisikiliza mtangazaji. Bao la pili liliingia akiwa hukohuko nje, na hakuna aliyemwita arudi ndani.