Mzinga unafika anga za juu, kubaki huko ndiyo kazi

Watu wakiniuliza kama satelaiti inaweza kurushwa bila roketi, huwa nawapeleka Barbados ya miaka ya 1960. Huko mhandisi wa Kanada, Gerald Bull, akishirikiana na Chuo Kikuu cha McGill na jeshi la Marekani, alichukua mitutu miwili ya mizinga ya manowari, ya inchi 16, akaiunga ikawa mmoja wa takriban mita 36. Mradi uliitwa HARP.

Kombora lake, Martlet 2, lilikuwa jembamba kuliko tundu la mtutu, hivyo lilivalishwa vipande vya mbao vilivyopukutika mara lilipotoka mdomoni. Mbao, ndani ya mzinga wa manowari! Tarehe 18 Novemba 1966, mzinga mwenzake uliokuwa Yuma, Arizona, ulilipandisha Martlet 2 hadi kilomita 180 hivi. Anga za juu kwa kawaida huhesabiwa kuanzia kilomita 100.

Tupige hesabu. Lilitoka mtutuni kwa kama mita 2,100 kwa sekunde. Kuipata kasi hiyo ndani ya mita 36 kunadai mchapuko wa wastani unaozidi mara 6,000 ule wa uvutano wa dunia, na shughuli yote inaisha kwa sekunde 0.03 hivi. Binadamu hapandi chombo hicho. Vifaa vya elektroniki vilipona kwa sababu vilizamishwa ndani ya resini ngumu, waya usipate pa kutikisikia.

Ila kikwazo chenyewe si hicho, wala si kimo. Satelaiti za karibu huzunguka kwa takriban mita 7,800 kwa sekunde, zikienda sambamba na ardhi. Na hata ukipata mzinga wa kasi hiyo, kitu kilichosukumwa mara moja tu hufuata duaradufu inayopita tena pale kiliposukumwa. Ukikisukuma kutoka ardhini, kitarudi ardhini. Lazima kisukumwe tena kikiwa juu, na juu huko hakuna mzinga. Ndiyo maana Bull mwenyewe alisanifu Martlet 4, kombora lenye roketi tumboni. Fedha zilikatika 1967 kabla halijaruka.

SpinLaunch ya Marekani, iliyoanza majaribio New Mexico mwaka 2021 kwa kuzungusha kombora ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, nayo imepanga chombo chake kiwashe roketi kikishapanda. Kinachookolewa ni ile hatua ya kwanza ya roketi ya kawaida, sehemu ya chini inayoinyanyua kutoka ardhini, inayobugia mafuta mengi kuliko zote.