Matone ya rota si dawa ya kuharisha

Juzi, kwenye benchi la kliniki moja huku Chamwino, bibi aliyempakata mjukuu wa karibu miaka miwili, anayeharisha tangu usiku, alimwomba muuguzi "yale matone ya kuharisha wanayonyweshwa wachanga". Ombi hilo nimelisikia mara nyingi mno.

Matone hayo ni chanjo ya rota: virusi vya kuharisha viitwavyo rota, vilivyodhoofishwa, ambavyo mtoto hunyweshwa ili mwili wake ujifunze kuvitambua kabla haujakutana na vile vikali. Iliingia katika ratiba ya Tanzania mwanzoni mwa 2013, kwa dozi mbili, wiki ya 6 na ya 10.

Mkanganyiko, nadhani, umetokana na neno lenyewe. Chanjo imezaliwa na kitenzi kuchanja, kilekile tunachokitumia kwa kuni na kwa chale za mganga, na pasipo wembe wala ncha ya kitu, masikio yetu hukataa kwamba mtu amechanjwa. Enzi za ndui ngozi ilikwaruzwa kwelikweli, na hata leo chanjo ya kifua kikuu huacha kovu mkononi. Ndiyo maana mama atokaye kliniki husema mwanawe "amechanjwa mbili", akihesabu sindano za mapajani, na kilichopita mdomoni anakiita matone tu. Na matone, kwa wengi wetu, ni dawa. Ilhali kuchanja siku hizi ni kuupa mwili kinga, iwe kwa sindano au kwa kunywa.

Rota nayo ni neno la Kilatini, maana yake gurudumu, kwa kuwa virusi hivyo, vilivyotambuliwa mwaka 1973 na Ruth Bishop na wenzake huko Melbourne, vikitazamwa kwa darubini hufanana na magurudumu madogo. Jina hilo linataja kisababishi kimoja, na hapo ndipo "chanjo ya kuharisha" inapopotosha: kipindupindu nacho huharisha, na vijidudu vingine chungu nzima, ambavyo chanjo hii haivigusi. Aliyechanjwa akiharisha, si lazima chanjo iwe imeharibika.

Bibi yule alipewa pakiti za ORS (chumvi na sukari za kuchanganya na maji ya kunywa) na vidonge vya zinki vya siku 10, akaondoka akinung'unika kwamba matone amenyimwa. Hukunyimwa, bibi, yale hunyweshwa mtoto kabla hajaanza kuharisha.