Kawawa wa vyama vya wafanyakazi: yanayosemwa kijiweni Tabora na yaliyotokea

Kijiweni petu karibu na stesheni ya Tabora, jina la Rashidi Kawawa, Waziri Mkuu wa zamani, haliishi bila ubishi. Birika likishachemka na kashata zikaanza kupita mkono kwa mkono, kila mtu ni mwanahistoria.

Wapo wanaoapa kwamba Kawawa na Nyerere walikuwa darasa moja Tabora Boys. Shule ni hiyo hiyo, wakati ndio tofauti. Nyerere alimaliza mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kawawa, mzaliwa wa Songea mwaka 1926, alikuja baadaye.

Wengine wanasema alipandishwa na Nyerere tu, hakuwa na kundi lake. Hapa naona wanamdhulumu mzee. Kawawa alianzia chama cha Waafrika watumishi wa serikali, wakati ambapo mtumishi wa serikali haruhusiwi kujiunga na TANU, chama kilichopigania uhuru. Mwaka 1955 lilipoundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, TFL, yeye ndiye aliyekuwa katibu mkuu wake wa kwanza. Alipoingia kwenye uongozi wa juu wa TANU alikuja na makuli, karani na mfanyakazi wa mkonge nyuma yake. Nyerere aliwahitaji hao.

Sasa dhana ngumu kuliko zote: kwamba mtu aliyetoka kwenye vyama vya wafanyakazi lazima aliitetea migomo hadi mwisho. Au kinyume chake, kwamba aliwasaliti wenzake usiku mmoja. Tuangalie miaka. Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962 akaenda kujenga chama, na Kawawa akashika kiti. Watu humwita "mlinzi wa kiti" wa miezi hiyo, lakini chini yake zilipita sheria zilizobana migomo, kila mgogoro ukalazimika kupitia usuluhishi kwanza, na vyama vikafungwa kwenye shirikisho moja. Kwa upande wa pili, ada ikaanza kukatwa moja kwa moja kwenye mshahara, kwa hiyo vyama vilipata pesa huku vikipoteza sauti. Hoja ya Kawawa ilieleweka: mkoloni ameondoka, mgomo sasa unamgomea nani? Wenzake hawakukubali wote. Christopher Kasanga Tumbo, kinara wa wafanyakazi wa reli tangu mgomo mrefu wa 1960, alipelekwa London kuwa balozi, akaacha kazi, akarudi kuanzisha chama cha upinzani. Hapa Tabora, mji wa reli, habari hiyo haikupita kimya.

Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama wakakamatwa, TFL ikavunjwa, ikazaliwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, ambayo katibu mkuu wake alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi. Mstaafu mmoja wa reli kijiweni hapa bado anayo kadi yake ya NUTA, ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, imepauka hadi jina linasomeka kwa kuinamisha. Nilipomuuliza ilimsaidia nini, akacheka: "Mwanangu, ada walikuwa wanaikata kabla sijaishika hela. Mambo ya kunisaidia ndiyo yalikuwa yanachelewa."

Kuna na lile la Azimio la Arusha, kwamba lilikuwa la Nyerere peke yake. Wazo na kalamu, sawa, lilikuwa lake zaidi. Lakini ujamaa ulihitaji mtu wa kusukuma mafaili na wakuu wa mikoa, na Kawawa, Waziri Mkuu tena tangu 1972 hadi 1977, alikuwa mtu huyo. Na msidanganyike kwamba watu walianza kuhamishiwa vijijini mwaka 1974. Operesheni Kigoma ilikuwa 1972. Mtu wa Kasulu, huko Kigoma, anayepita stesheni hapa akiwa na umri wa kutosha, mwulize tu nyumba yao ya zamani ilikuwa wapi.