Chekechea ya umma Marekani: mkono wa Washington unafika wapi

Wazazi waliohamia Marekani kutoka kambi za wakimbizi kama Nyarugusu huuliza sana swali hili: "Mwanangu ana miaka 4, chekechea ni bure?" Jibu linategemea umepangiwa wapi. Anayekaa Tulsa, Oklahoma, humwandikisha mtoto katika shule ya umma bila kuulizwa mshahara, kwa sababu jimbo lile liliwafungulia mlango watoto wote wa umri huo mwaka 1998. Ndugu yake aliyepelekwa Boise, Idaho, hakuti mlango kama huo. Idaho haina programu ya jimbo ya chekechea, na mwaka 2021 wawakilishi wake walikataa hata ruzuku ya dola zipatazo milioni 6 kutoka Washington, yaani serikali ya shirikisho, kwa ajili ya watoto wadogo.

Tofauti hiyo inaanzia kwenye Katiba, ambayo haitaji elimu popote. Marekebisho yake ya Kumi yanawaachia majimbo na wananchi kila kisichokabidhiwa serikali ya shirikisho. Kwa hiyo Washington haina amri ya kulifungulisha jimbo chekechea. Ina fedha, na masharti ya kuzifunga nazo.

Mfuko unaojulikana zaidi ni Head Start, chekechea ya watoto wa familia maskini. Rais Lyndon Johnson aliuzindua 1965 kama mpango wa wiki 8 za kiangazi, na watoto zaidi ya 500,000 wakaingia msimu huo wa kwanza. Wengi hawajui fedha zile zilipita njia gani. Gavana alirukwa, zilitoka Washington hadi kwa mashirika ya mtaani, kwa makusudi. Katika majimbo ya Kusini ubaguzi wa rangi ulikuwa bado umekalia ofisi, na fedha zikipita kwa wakubwa wale, watoto weusi wasingeziona. Huko Mississippi, shirika la Child Development Group of Mississippi liliwaajiri vituoni wanawake weusi waliokuwa watumishi wa majumbani na vibarua wa pamba. Seneta wa jimbo hilo, John Stennis, alipigana ruzuku yao ikatwe. Njia ile ipo mpaka leo, tena chini ya wizara ya afya na huduma za jamii, si ya elimu.

Kwa kawaida serikali ya shirikisho hulipa asilimia 80 ya gharama za kituo. Asilimia 20 kituo hujitafutia, na si lazima iwe taslimu. Ndiyo maana ukikaa darasani asubuhi ukawasomea watoto hadithi au kuwamenyea machungwa, mwalimu anakuletea karatasi usaini. Saa zako mbili zinapigiwa hesabu kwa dola na kuingia kwenye mchango wa kituo. Wengi husaini wakidhani ni mahudhurio tu. (Na hadithi hiyo isome kwa Kiswahili, kanuni za Head Start zinataka lugha ya nyumbani ya mtoto ithaminiwe.)

Kuisambaza chekechea nchi nzima kumeshindikana mara kadhaa. Mwaka 1971 Bunge lilipitisha muswada, Rais Nixon akaupigia kura ya turufu. Pendekezo la Obama la 2013, la kugharimiwa na kodi ya tumbaku, halikupita. Mpango wa Biden wa watoto wa miaka 3 na 4 ulipita Baraza la Wawakilishi 2021, ukafia Seneti. Hata ungepita, majimbo yangejiunga kwa hiari, na Idaho tumeshaona hiari yake.

Kwa mzazi wa leo, lazima lisemwe wazi: kustahili Head Start si kupata kiti. Kigezo kikuu ni kipato kisichozidi kiwango cha umaskini, na familia inayopokea SNAP (msaada wa chakula wa serikali) inastahili moja kwa moja. Ila fedha zina kikomo, na viti vikijaa kituo huangalia nani ana shida zaidi, si nani aliwahi foleni. Nenda na barua ya SNAP, hati inayoonyesha umri wa mtoto na kadi ya chanjo. Mtoto akiwa hasikii vizuri au amechelewa kusema, litaje siku hiyohiyo, kwani angalau asilimia 10 ya nafasi ni za watoto wenye ulemavu. Na ukikosa kiti, nenda wilaya ya shule ukaombe apimwe kama ana ulemavu. Hapo sheria ya shirikisho ina meno: majimbo yote yamekubali masharti yake, na mtoto mwenye ulemavu anayestahili huhudumiwa bure kuanzia miaka 3, Boise kama Tulsa.