Je, wajua? Kwa nini Nyerere "aling'atuka" badala ya kujiuzulu?

Novemba 5, 1985, Ali Hassan Mwinyi aliapishwa kuwa rais wa Tanzania, na Julius Nyerere akaondoka Ikulu baada ya miaka zaidi ya 20. Kiswahili hakikukosa maneno ya kuelezea tukio lile. Hata hivyo, Mwalimu alikwenda kuchukua neno la Kizanaki, lugha ya kwao Butiama: kung'atuka.

Kwa nini asijiuzulu tu? Hebu lipasue neno lenyewe. Kuuzulu, lenye asili ya Kiarabu, ni kumwondoa mtu kwenye cheo. Tia -ji- hapo katikati, mtu anajiondoa mwenyewe. Kwa maneno mengine, anajifukuza. Ndiyo maana ukisikia waziri kajiuzulu, swali la kwanza ni: kafanya nini? Mwinyi mwenyewe alilijua neno hilo vizuri. Mwaka 1977 alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani, akibeba dhamana ya mauaji yaliyofanywa na maofisa wa dola mkoani Shinyanga.

Kustaafu nako kuna harufu ya utumishi: umri umefika, faili limefungwa, subiri pensheni. Nalo ni la Kiarabu, ndugu wa afu, yaani msamaha. Mzizi wake ni kuomba uachiliwe.

Kung'atuka hakuna kosa ndani yake wala ombi. Wazanaki, kama majirani zao wengi wa Mara, walipanga watu kwa marika, na rika la wazee lilipomaliza zamu yake lilikabidhi madaraka kwa rika lililofuata. Huko ndiko kung'atuka. Mzee hakuwa amefukuzwa, na hakuacha kuwa mzee. Aliendelea kuombwa ushauri. Mwalimu naye alibaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990, kwa hiyo tuseme aling'atuka kwa awamu.

Wapo wanaolifasiri neno kwa sikio la Kiswahili. Funga, funguka, ziba, zibuka, basi ng'ata, ng'atuka: meno yameachia. Tafsiri tamu hiyo, na ukiona wakubwa wengine wanavyoking'ang'ania kiti utadhani ndiyo yenyewe. Lakini neno lilikuja mjini kutoka Mara, na maana ya marika lilikuja nayo. (Na tafadhali, ni ng' ya ng'ombe. "Kungatuka" ni kosa la kiandishi tu.)

Leo limesambaa mbali na siasa. Sheria ya Kanisa Katoliki humtaka askofu wa jimbo akitimiza miaka 75 awasilishe barua kwa Papa, na taarifa za Kiswahili husema Papa "ameridhia ombi la kung'atuka" la askofu fulani. Papa Benedikto XVI alipoondoka Februari 2013, neno lilikuwa hilohilo. Hapo linakaa vizuri, kwani zamu imekwisha na mwingine anaingia.

Kinachonikera ni vichwa vya habari vya "waandamanaji wamng'atua rais". Mtu aliyekimbilia uwanja wa ndege usiku, umati ukiwa getini, hakung'atuka na wala hakuna aliyemng'atua. Huyo amepinduliwa, au ameuzuliwa, na la pili hilo tunalo tangu zamani ila hatulitumii bila -ji-.