Kichaka kimoja cha heizeli hakitoshi

Wengi Uingereza huamini kichaka kimoja cha heizeli (hazel, mmea wa kokwa za kuliwa) kitazaa kokwa peke yake, maadamu kina maua ya kiume na ya kike. Maua yapo kweli, ila chavua yake yenyewe haikirutubishi. Ua la kike, vijinyuzi vyekundu vinavyochungulia kwenye tumba wakati wa baridi, husubiri upepo ulete chavua ya aina nyingine. Aina iitwayo Kentish Cob, kwa mfano, hupandwa karibu na aina iitwayo Cosford.

Miche ya kichaka hichohicho haisaidii. Miche hiyo hupatikana hivi: laza tawi changa, likwaruze gome upande wa chini, lifukie sentimita 10 hadi 15, ncha ibaki juu. Baada ya mwaka kata mche wenye mizizi. Huo ni nakala kamili ya mama yake, hata ukipanda kumi. Kinachowadanganya watu ni heizeli ya mwitu kwa jirani, inayowarushia chavua bila wao kujua.